Nyumba Zetu na Afya ya Wakaao Ndani



Katika Yubilee hii twamshukuru Mungu kwa makanisa, shule na mabweni yaliyojengwa kwa jasho la waliotutangulia. Lakini shukrani yetu haitakuwa kamili tusipouliza: je, wakaao katika nyumba hizi hukaa kwa afya?

Torati, katika Kumbukumbu 22:8, yamwagiza mjenzi aweke ukingo juu ya paa, ili mtu asianguke akafa kwa uzembe wa mwenye nyumba. Basi mjenzi ataulizwa habari za uhai wa watu, wala si uzuri wa kuta tu.

Nasi tulikosa katika jambo hilo. Bweni letu moja la wavulana tulilitia madirisha madogo, yote upande mmoja. Kisha kwa hofu ya wezi tukayapigilia misumari. Vitanda tulivisongeza hata vikagusana. Usiku tulisikia kikohozi, tukasema ni baridi. Mvulana mmoja alipopelekwa hospitali, akaonekana ana kifua kikuu. Kwa rehema ya Mungu, na kwa dawa alizomeza miezi 6 bila kukosa, alipona. Lakini kosa lilikuwa letu: kwa kuogopa wezi, sisi wenyewe tuliwaibia watoto hewa.

Tangu mwaka 1882, Robert Koch alipotangaza kijidudu cha ugonjwa huo, haifai tena kusema hatukujua. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huelea hewani; chumba kikifungwa hukaa humo, bali upepo ukipita hutawanyika. Hata kabla ya hapo, mwaka 1855, katika hospitali ya Scutari alikohudumu Florence Nightingale, askari walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Mifereji ya uchafu iliposafishwa na hewa ilipopitishwa, vifo vikapungua sana. Naye mwaka 1859 aliandika ya kuwa nyumba yenye afya yahitaji mambo 5: hewa safi, maji safi, njia ya kutolea maji machafu, usafi, na mwanga.

Kwa hiyo tulitoboa madirisha katika kuta mbili zinazoelekeana, upepo uingie huku na kutokea huku. Tukatia nondo kwa ajili ya wezi, na wavu wa waya kwa ajili ya mbu, hata katika upenyo ulio chini ya paa. Maana mbu waletao malaria hupenda kuingia kwa njia hiyo. Vitanda tukavitenga, na jiko la kuni tukaliweka mbali, moshi usiingie vifuani mwa watoto.

Walakini kujenga ni nusu ya kazi. Dirisha lisilofunguliwa ni ukuta tu, na wavu uliotoboka ni mlango wa mbu. Yapasa kila bweni liwe na mwalimu wa zamu wa kuyaangalia haya kila jioni, na kila mwaka litengwe fungu la fedha za matengenezo.

Tumesikia ya kuwa wengi wetu wataka sadaka ya Yubilee ijenge mnara wa kengele. Mnara ni kitu chema. Lakini twawasihi, ungoje kidogo. Yako mabweni mengine ambayo madirisha yake yangali yamepigiliwa misumari, na watoto wamelala ndani. Tuwafungulie kwanza hao, ndipo tupige kengele kwa furaha.

Mungu abariki nyumba zetu na wote wakaao ndani. Amina.