Deni la Namba ya Gari: Kutafuta, Kulipa na Kupinga Faini za Barabarani

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, madereva wa Noah na Fuso, na kina mama wafanyabiashara wa mpunga ambao magari ni yenu hata kama hamkai kwenye usukani,

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Noah iliyotumika, pale Dodoma mjini. Sikuinunua kwa pupa. Nilisikiliza injini ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, nikalala chini ya gari kama fundi, nikalinganisha namba ya chesesi na ile ya kwenye kadi. Wiki ya tatu nikasimamishwa karibu na Nala. Askari alikuwa na heshima zake; akaingiza namba ya gari kwenye mashine, akaiangalia, akaniangalia na mimi. "Mzee, gari yako inadaiwa vyeti vinne." Laki na nusu. Vyote viliandikwa kabla sijalijua gari lile, na viwili kati ya hivyo viliandikwa Morogoro, ambako mimi sikuwahi kulifikisha. Nikampigia aliyeniuzia. Simu haikupatikana siku ile, wala haijapatikana hadi leo.

Nililipa. Nilikuwa na abiria sita na magunia ya mchele kwenye buti, na jua la saa nane la huku kwetu mnalijua. Nililipa makosa ambayo sikuyatenda, tena kwa haraka, nikashukuru kuachiwa. Jambo lililonisumbua baadaye si zile pesa. Ni kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mtu aliyeuliza nani alikuwa anaendesha.

Cheti ni nini hasa

Tunakiita cheti, wengine notifikesheni. Vijana wanasema "nimepigwa cheti", na wakimulikwa mwendo, "nimepigwa tochi". Lugha yetu imeshakifanya kiwe kama kiboko: ukishapigwa, umepigwa. Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, cheti ni taarifa ya tuhuma. Askari anakwambia kosa analokutuhumu nalo, na mbele yako zinakuwa njia mbili: ukubali kosa na kulipa faini iliyowekwa, au ukatae ili shauri liende mahakamani. Askari hakuhukumu. Mamlaka ya kutoa haki, kwa Ibara ya 107A ya Katiba, ni ya Mahakama. Na Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia.

Kwa hiyo anayelipa amekiri. Nimemsikia dereva mmoja akijitapa kijiweni, "Nimelipa lakini sijakubali." Kwa sheria maneno hayo ni ya kujifariji tu. Mimi mwenyewe pale Nala nilikiri makosa ya Morogoro.

Si kila kosa humalizwa kwa cheti. Aliyesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari atapelekwa kwa hakimu, hata kama mfukoni ana faini ya vyeti mia. Cheti ni cha makosa ya kila siku: mwendo zaidi ya kilomita 50 kwa saa penye makazi, gari zito au basi kuvuka 80 njia kuu, kutovaa mkanda, kofia ngumu kuning'inia kwenye usukani badala ya kuwa kichwani. Kwa gari, faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilikuwa hiyohiyo mpaka bajeti iliyosomwa Juni 2021, ilipoteremshwa kuwa 10,000. Msisahau maneno "kwa kila kosa". Cheti kimoja chenye makosa mawili ni faini mbili, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika kwa wakala wa simu na pesa pungufu.

Kulitafuta deni

Zamani cheti kilikuwa karatasi tu, na karatasi ikipotea na deni limepotea. Kulikuwa na watu waliokuwa wakitegemea hilo. Sasa kila kinachoandikwa kinaingia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa usimamizi wa makosa ya barabarani, ule wanaouita TMS. Yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuufungua kwa anwani ya tms.tpf.go.tz. Unatafuta kwa moja ya vitu vitatu: namba ya kumbukumbu iliyo kwenye cheti, namba ya leseni ya dereva, au namba ya usajili wa chombo. Kinachokuja ni kosa, mahali, tarehe, kiasi cha faini, nyongeza kama ipo, na kama limeshalipwa au bado.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tofauti ya namba hizo ndiyo mada yenyewe. Ukitafuta kwa leseni unamtafuta mtu. Ukitafuta kwa usajili unakitafuta chombo. Barabarani askari huanza na kile anachokiona kwa macho, yaani kibati cha namba. Ndiyo maana deni hulifuata gari kama vumbi la Bahi linavyomfuata anayekwenda Chali wakati wa kiangazi. Dereva ameshabadilika mara tatu, kibati ni kilekile.

Sasa fikirini pikipiki ya mkataba, kwa sababu nusu ya waliomo humu wako kwenye mkataba. Mwenye mali ananunua pikipiki, kijana anapewa aiendeshe na kupeleka hesabu kila wiki, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mkataba unaandikwa mbele ya mtendaji: kiasi, siku, na nini kitatokea hesabu isipofika. Mikataba niliyopata kuisoma wilayani hapa Bahi haitaji vyeti hata mara moja. Kijana anaandikiwa, anakaa kimya, siku saba zinapita, faini inaongezwa asilimia 25, ile 10,000 inakuwa 12,500. Mwenye mali hajui. Anakuja kujua pikipiki imeshikiliwa, au siku anapotaka kuiuza. Hapo kijana anasema aliyekuwa nayo siku ile ni mdogo wake, mdogo wake anasema siku ile alikuwa shambani kwenye majaruba, na mtendaji anageuzwa hakimu wa jambo asilokuwa na ushahidi nalo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye chombo awe na daftari la kawaida la shule: tarehe, jina la aliyeendesha, amekwenda wapi. Kila Jumatatu aangalie namba ya chombo kwenye mfumo na aandike alichokikuta. Na ndani ya mkataba kiongezwe kifungu kimoja tu: cheti ni cha aliyekuwa akiendesha, na atamwonyesha mwenye mali siku ileile. Mama mmoja mwenye Canter alinicheka niliposema hivi, akasema hiyo ni kazi ya ofisi. Sawa, ni ya ofisi. Lakini gari lenye thamani ya shamba zima la mpunga kwa nini lisiwe na ofisi ya kurasa 48?

Anayenunua chombo kilichotumika, aangalie namba kabla hajatoa hata elfu kumi ya kishika uchumba. Muuzaji akisema, "Hizo nitazimaliza kesho," mkabidhi pesa hiyo kesho.

Kulipa

Hapa sina mengi. Faini inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontroli namba, kupitia benki au simu. Mwenye M-Pesa anabonyeza *150*00#, anakwenda kwenye malipo ya serikali na kuingiza namba. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la anayelipwa na kiasi. Kuna matapeli wanaotuma ujumbe wa deni wenye namba ya mtu binafsi, na wanawapata zaidi wale wenye hofu. Ukishalipa, hifadhi ujumbe, na kesho yake rudi kwenye mfumo uhakikishe deni limefutika.

Pesa unayompa mtu mkononi si faini. Tusizungushane: wote tunajua neno "kumalizana", na tunajua kwa nini elfu tano inaonekana nafuu kuliko elfu thelathini. Ila Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na simu ya TAKUKURU ya 113 haina malipo. Zaidi ya hapo ni dhamiri ya kila mtu, na mimi sikualikwa kuhubiri.

Kupinga

Hii ndiyo njia ya pili ambayo karibu hakuna anayepita. Niliwauliza madereva kumi wa kituo kimoja, si utafiti, ni maongezi ya chai, kama kuna aliyewahi kukataa cheti na kwenda kwa hakimu. Hakuna. Sababu yao ni hesabu tu. Kutoka Chipanga hadi Bahi mjini ni nauli na siku bila hesabu. Shauri likiahirishwa, nauli tena. Na hakimu akikukuta na hatia habanwi na ile 30,000 ya kwenye cheti. Anaweza kutoza zaidi. Mtu mwenye akili zake analipa.

Siwalaumu, ila nadhani kuna vyeti ambavyo havifai kulipwa kimyakimya. Cha kwanza ni kile cha mahali ambapo hukuwapo. Huenda namba imekosewa tarakimu, au kuna chombo kinatembea na namba yako, na hilo la pili ni mwanzo wa balaa kubwa kuliko faini. Cha pili ni cha mwendo ambacho hukuonyeshwa picha. Ukipigwa tochi kati ya hapa na Kintinku, omba kwa adabu kuiona: namba isomeke, mwendo usomeke, saa isomeke. Usibishane, omba. Kama hakuna, sema kabla cheti hakijaandikwa kuwa hukubali kosa. Kisha, ndani ya zile siku saba, nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, yule mnayemwita DTO, ukiwa na cheti, daftari lako na tiketi au risiti yoyote inayoonyesha ulikuwa wapi. Makosa ya namba mara nyingi hueleweka hapo bila kufika kizimbani. Ukisubiri nyongeza iingie, utakuwa unapinga deni badala ya kupinga tuhuma, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

Wenzetu wanafanyaje? Kenya kwa miaka mingi dereva aliyekamatwa amekuwa akiweka dhamana ya fedha kituoni, kisha kusimama mbele ya hakimu. Kuna foleni na usumbufu, lakini swali la hatia linaulizwa. Marekani, katika majimbo mengi, cheti hupelekwa kwa karani wa mahakama ya kaunti au ya mji. Mtu anatafuta shauri lake kwa jina au kwa namba ya cheti, na jambo la kwanza analotakiwa kujibu ni kama anakiri au anakana. Uganda walijaribu upande wa pili. Juni 2025 walianzisha kamera zinazosoma kibati na kumtoza mwenye chombo papo kwa papo, na kelele za madereva zikafanya mfumo usimamishwe ndani ya mwezi uleule.

Pendekezo langu kwa semina hii ni dogo. Ukurasa unaoonyesha deni uwe pia na mahali pa kuandika "sikuwa mimi", na mahali pa mmiliki kutaja namba ya leseni ya aliyekuwa akiendesha. Mashine inayoweza kuhesabu asilimia 25 siku ya nane haishindwi kuuliza swali hilo siku ya kwanza. Kama mtaafiki, katibu aliandike, tulipeleke kwa DTO na nakala iende mkoani.

Nimebakiwa na dakika kumi na nimeona nje pikipiki zaidi ya ishirini. Toeni simu. Mwenye intaneti amsaidie asiye nayo. Tunaanza na pikipiki ya mwenyekiti, ile nyekundu chini ya mbuyu. Mwenyekiti, tusomee namba.