Macho ya Manjano: Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani

Mtoto akiwa na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, mpeleke kliniki apimwe. Huenda ni hepatitisi A, ugonjwa wa ini. Virusi vyake hutoka kwa kinyesi na kuingia mdomoni kupitia mikono, maji na chakula.

Hakuna dawa ya kuuponya. Kwa kawaida mwili hupona wenyewe. Apumzike, anywe maji yaliyochemshwa, ale kidogo kidogo. Usimpe dawa za maumivu wala miti shamba kabla ya kumuuliza daktari. Zaweza kuumiza ini zaidi.

Mama, choo cha ploti ni cha wote. Wewe na mgonjwa naweni kwa sabuni na maji yanayotiririka kila mtokapo chooni, na kabla ya kupika na kula. Asiende shule mpaka wiki moja ipite tangu macho kugeuka manjano.

Akitapika bila kukoma, akitokwa na damu, akichanganyikiwa au akilala mno, usingoje kuche. Mkimbize hospitali.