KURUNZI YA KUMFUATIA MNYAMA USIKU

Maneno tuliyoyasema mbele ya wakulima, wafugaji na walinzi wa mashamba wa Gitega na Muyinga



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kuchagua kurunzi ya kumfuatia mnyama baada ya jua kuchwa. Wengine huiita tochi, wengine toroshi. Chombo ni kile kile. Huenda mtu akauliza, polisi wana nini na taa, wakati wezi wapo? Jibu letu ni hili. Mchana mtu hujulikana kwa uso wake. Usiku hujulikana kwa taa aliyoishika na jinsi anavyoishika. Taa moja ikitembea ovyo bondeni, kolini nzima huamka. Huyu atasema ni mwizi, yule atasema ni jangili, na wa tatu atachukua panga kabla ya kuuliza. Hapo ndipo kurunzi inapokuwa jambo la usalama.

Mnaijua nchi yenu kutushinda. Mto Ruvubu hupita kando ya Gitega, ukaendelea kuelekea Muyinga hadi Tanzania. Katika njia yake imo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, yenye zaidi ya hektari 50,000 katika maeneo ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Humo mna nyati, kiboko, kuro, pongo na nguruwe pori, nao hawajui mpaka. Kiboko hutoka majini magharibi, hula majani usiku kucha, kisha hurudi mtoni kabla ya mapambazuko. Shamba likiwa njiani mwake, kazi ya msimu mzima huliwa kwa usiku mmoja. Ndugu zetu wa Gitega walio mbali na hifadhi nao wana safari zao za usiku: mbweha aliyebeba kuku, au ng'ombe aliyekata kamba na kupotelea katika mikaratusi. Mnyama si yule yule, lakini giza ni moja.

Kabla ya kuitaja kurunzi yenyewe, tutenganishe mambo mawili. Kumfuatia mnyama si kumwinda. Mkulima humfuatia ili ajue ameingilia wapi, wako wangapi, na kama wameondoka, apate kuwaonya jirani zake na kuwaita askari wa hifadhi. Kuwinda ndani ya hifadhi ni kosa, na nchi yetu ina sheria ya tarehe 30 Mei 2011 juu ya maeneo yaliyohifadhiwa. Majirani nao wamelikaza jambo hili: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa kutumia taa. Sababu yake inaeleweka. Swala mdogo akimulikwa usoni hutiwa kiwi, akasimama kama aliyefungwa. Mwenye kumshikilia mnyama kwa mwanga ameshaanza kumuua. Kwa hiyo kurunzi tutakayoieleza hapa ni ya kumrudisha mtu nyumbani salama.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe ni kweli. Kwa kurunzi ya usiku tunaomba ruhusa ya kutokubaliana nao.

Jambo la kwanza ni mguu. Wengi wakienda dukani huuliza, "Inafika wapi?" Swali la kwanza lingekuwa, "Inanionyesha nini hapa nilipo?" Hatari nyingi za usiku ziko karibu: shimo, nyoka, waya wa mtego, ukingo wa mto ulioliwa na maji. Kwa hayo yafaa mwanga mpana na wa wastani, usio na doa jeusi katikati. Tena kwato zilizoachwa udongoni hazionekani vizuri zikimulikwa kutoka juu, kwa kuwa mwanga wa juu hufuta vivuli. Ishushe kurunzi karibu na ardhi, iweke ubavuni mwa nyayo, mwanga upite kwa mshazari. Kila ukingo wa ukwato utatoa kivuli chake, nawe utaona mnyama alielekea wapi. Ndiyo sababu taa ya kuvaa kichwani, ingawa huacha mikono huru, haitoshi peke yake kwa kufuata nyayo. Kichukue chombo kinachoshikika mkononi.

Jambo la pili ni umbali. Kwenye sanduku la kurunzi huandikwa lumeni, nazo ni jumla ya mwanga wote utokao. Umbali haupimwi kwa lumeni. Hupimwa kwa kandela, yaani nguvu ya mwale pale ulipokusanyika. Kurunzi mbili zenye lumeni sawa huweza kutofautiana sana: moja inaeneza mwanga uani, nyingine inaurusha ng'ambo ya bonde. Kwa kipimo kinachoandikwa ANSI FL1, kandela 2,500 hufika mita 100, na kandela 10,000 hufika mita 200. Tazameni hesabu hiyo: umbali kuzidi mara mbili hudai nguvu mara nne, na nguvu hiyo hulipwa na betri. Jueni pia kwamba mwisho wa umbali ulioandikwa ni pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi pevu. Kwa mwanga huo utaona kwamba kuna kitu. Hutajua ni nyati au ni ng'ombe wa jirani. Uhesabu nusu tu ya umbali ulioandikwa. Kwa mwenye shamba, mita 200 za sandukuni zatosha kabisa.

Jambo la tatu ni macho, na hapa twaomba msikilize kwa makini. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana macho yao hung'aa. Lakini ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka wanao pia. Macho mawili yanayong'aa kichakani hayakuambii kwamba umemwona mnyama wa porini. Huenda ukawa umemwona ndama wa jirani au mbwa wako mwenyewe. Na kuna upande wa pili ulio mzito zaidi: binadamu hana utando huo, na nguruwe hana. Mtu aliyeinama katika mahindi, mtoto aliyetumwa kumtafuta mbuzi, mlevi aliyelala njiani, hawatakurudishia nuru yoyote. Kutoona macho si ushahidi kwamba hakuna mtu. Basi mtu yeyote asirushe mkuki, mshale wala jiwe kwa sababu ya macho aliyoyaona, wala asirushe gizani kwa sababu hakuona macho. Mpaka umeona mwili mzima, hujaona kitu.

Jambo la nne ni macho yetu wenyewe. Jicho la mtu huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mmuliko mmoja mkali mweupe huiharibu kazi hiyo yote mara moja. Kwa hiyo kurunzi njema ina ngazi kadhaa za nguvu, nayo huwaka kwanza kwa ngazi ya chini. Ikiwa na taa nyekundu, ni bora zaidi: mwanga mwekundu hafifu hauliharibu sana jicho lililozoea giza, na wanyama wengi wenye kwato hawauoni vyema kama tuuonavyo sisi. Kwa mwanga huo mtaweza kukaa kibandani, kutazama saa na kuzungumza, bila kujipofusha na bila kumshtua aliye karibu.

Jambo la tano ni betri, ama mawe kama wengi wasemavyo. Kwetu usiku ni wa saa kumi na mbili, masika na kiangazi, maana tuko karibu na ikweta. Muda wa kuwaka ulioandikwa sandukuni huhesabiwa mpaka mwanga umebaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo; na kurunzi nyingi ndogo hupunguza nguvu zenyewe baada ya dakika chache ili zisiungue. Tumieni ngazi ya chini kwa kutembea, na ngazi ya juu kwa kutazama tu, kisha irudisheni chini. Penye jua la kuchajia, betri za kuchaji ni nafuu ya muda mrefu. Pasipo na jua wala umeme, chagueni kurunzi inayotumia betri zinazouzwa katika duka la kolini kwenu, hata kama nguvu yake ni ndogo. Kurunzi kubwa iliyozimika ni mzigo. Na isipotumika kwa wiki nyingi, toeni betri, zisije zikavuja na kuila shaba ya ndani.

Angalizo moja juu ya betri za lithiamu za aina ya 18650, zile nene kidogo kuliko kidole. Sokoni zipo zilizoandikwa 9,900 au zaidi. Betri halisi ya ukubwa huo haizidi sana mAh 3,500. Aliyedanganya katika namba hiyo huenda amedanganya pia katika usalama. Msiziweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu: ncha zake zikigusana kwa chuma, hupata moto na huweza kulipuka.

Jambo la sita ni maji na ukungu. Tafuteni alama ya IPX. IPX4 hustahimili mvua ya kurushwa. IPX7 hustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mtu wa kando ya Ruvubu, hiyo ya pili ndiyo inayofaa. Fungueni kifuniko na muitazame pete ya mpira: ikiwa imekauka au imekatika, alama ya sandukuni haina maana tena. Katika nyanda za Gitega, zilizo mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ukungu huwa shida nyingine. Mwale mkali ulioshikwa sawa na macho hugonga ukungu na kukurudia usoni. Shusheni kurunzi hadi kiunoni na mpunguze nguvu. Mtaona mbali zaidi kwa mwanga mdogo.

Mkienda kununua, msinunue kwa maneno. Iwasheni kwa dakika kumi mkiwa hapo dukani, mshike shingo yake: ikichoma mkono, haitadumu. Ielekezeni ukutani kutoka hatua tatu, mtazame umbo la mwanga. Jaribuni kuiwasha na kuizima kwa mkono mmoja, macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku ya haja.

Sasa tuseme juu ya mwenendo, kwa sababu kurunzi bora mkononi mwa mtu asiye na taratibu haimwokoi yeyote.

Usitoke peke yako. Watoke wawili au zaidi: mmoja amulike chini, mwingine atazame mbele. Kabla ya kutoka, mkuu wa kolini au mmoja wa kamati ya usalama ajue ni nani wametoka, wameelekea wapi, na watarudi saa ngapi. Kila kolini ikubaliane alama yake ya mwanga, iwe rahisi, na ibadilishwe mara kwa mara. Mkikutana na watu, elekezeni mwanga ardhini, msimame, mtaje majina. Kummulika mtu usoni ni kumnyima macho na kumfundisha kukuogopa.

Nyayo zikielekea ndani ya hifadhi, safari yenu imeishia hapo. Linalobaki ni la askari wa hifadhi. Zikielekea mtoni, msisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Mnyama huyo anayeonekana mzito hukimbia nchi kavu kasi kuliko mtu, na akiziona taa zimemzibia njia ya mto atapita juu yenu. Mpisheni, mkae ubavuni, mhesabu, mrudi. Nyati aliyejeruhiwa asifuatwe usiku hata kwa kurunzi ya namna gani.

Nasi tunaovaa sare tuna wajibu wetu. Haifai kuwadai ninyi mshushe taa ilhali sisi tunawamulika machoni. Askari wa doria akikutana na mlinzi wa shamba, naye ashushe mwanga, ajitambulishe, aulize kabla ya kushuku. Mlinzi aliyetoa taarifa jioni asitendewe kama jangili usiku. Mkiona tumekwenda kinyume, tuambieni mbele ya kolini. Vikao kama hiki vimewekwa kwa ajili hiyo.

Kwa muhtasari: chagueni kurunzi ya mwanga mpana kwa mguu na mwale wa wastani kwa mbali, yenye ngazi ya chini, isiyoogopa mvua, na yenye betri mnazoweza kuzipata. Nyati anaweza kuharibu shamba, na shamba hulimwa tena. Jirani aliyepigwa mkuki kwa kudhaniwa nguruwe harudi. Tumulike kwanza kumtambua mtu, ndipo tumtafute mnyama.