Trekta Letu Bandani

Maneno ya kamati ya maendeleo ya parokia mbele ya mkutano wa wajumbe na wafadhili



Sisi kamati ya maendeleo ya mojawapo ya parokia za hapa Kongwa tumepewa nafasi ya kueleza habari za trekta. Wengi wenu mlikuwapo siku lilipobarikiwa, likiwa limefungwa vitambaa na watoto wamelipanda hadi juu ya matairi. Leo mtuvumilie, maana habari tuliyo nayo si ya kupigiwa vigelegele.

Tuanze na kosa letu. Katika taarifa tatu tulizowatumia wafadhili tuliandika kwamba trekta lipo na liko katika hali nzuri. Kwamba lipo, ilikuwa kweli. Hiyo hali nzuri tuliiandika kwa sababu rangi ilikuwa bado inang'aa, na kwa sababu tuliogopa kwamba mkisikia ukweli mtatunyima msaada wa kisima. Tunaomba radhi.

Sasa tueleze lilivyofanya kazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mnamo Desemba na kwisha Aprili. Kabla ya hapo udongo ni mgumu kama tofali, plau haiingii. Mvua ya kwanza ikishuka, kila mtu anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, na baada ya wiki tatu au nne hakuna anayeliulizia tena. Tumepitia daftari la dereva: msimu uliopita lilitoka kwenda kulima siku 17. Ongeza siku chache za kubeba mchanga wa ujenzi. Siku nyingine zote lilikuwa bandani, na kuku wakataga chini ya kiti.

Tulidhani kupumzika kunalitunza. Kumbe ndiko kulikoliua. Tulikuwa tunaliacha na tangi nusu. Mchana bati la banda linapata moto, usiku baridi inaingia, na ile hewa iliyomo ndani ya tangi inatoa jasho kama sufuria iliyofunikwa. Maji hayo ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanashuka chini, mahali hasa mrija unapovuta. Baina ya maji na dizeli vinaota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi, nao unaziba filta. Dizeli yenyewe ikikaa mwaka mzima inachakaa. Pampu na nozeli zimesagwa kwa vipimo vidogo sana na hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, hivyo maji yakifika huko ni kutu. Betri nayo ikikaa bila kuchajiwa inakufa, na diski ya klachi inaweza kugandamana.

Fundi wa kwanza alibadilisha filta, akatoa upepo kwenye mirija, likawaka. Lililima siku mbili likazimikia shambani. Fundi wa pili akafungua pampu pale pale chini ya mbuyu, upepo unapeperusha vumbi, jambo ambalo leo tunajua halifanywi. Mwishowe pampu ikapelekwa Dodoma mjini ikapimwe kwenye mashine, na nozeli zote zikabadilishwa. Gharama yake ilizidi yote tuliyoyapata kwa kulima misimu miwili. Fedha hizo tulizitoa kwenye mfuko wa mbegu za alizeti wa kikundi cha wajane. Mama zetu hao walipanda mbegu za akiba walizokuwa nazo majumbani, tena wamechelewa, kwa kuwa walikuwa wamelipia trekta na hawakutafuta ng'ombe mapema. Hawakutulaumu kwa sauti. Mmoja aliuliza tu kama yale majembe ya mkono yaliyokuwa stoo ya parokia bado yapo.

Kuhusu mafuta lipo na jambo lingine. Kituo kiko mbali, tukawa tunanunua kwenye madumu kwa wauzaji wa njiani. Mnakumbuka mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ulivyokithiri, hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ipungue. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Hatuwezi kuthibitisha kwamba dumu fulani lilikuwa limechanganywa. Tunachosema ni kwamba tulinunua bila risiti na bila kuchuja.

Mzee mmoja wa kamati yetu hupenda kutukumbusha kwamba haya si mageni Kongwa. Ni hapa hapa Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta yaliyokwisha kutumika, na kabla mwaka huo haujaisha mengi yalikuwa mabovu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sisi tulicheka tulipoisikia habari hiyo. Wao angalau walikuwa na karakana.

Bei yetu ya kulima tuliipanga kwa huruma: dizeli na posho ya dereva, basi. Plau ya diski tatu kwenye udongo wetu inakula lita 8 hadi 12 kwa eka, na mashamba yetu ni vipande vya eka moja moja vilivyo mbalimbali, kwa hiyo dizeli nyingi inaishia njiani. Oili hubadilishwa kila saa 250, au mara moja kwa mwaka hata kama saa hizo hazikufika. Sisi tulisoma ile sehemu ya saa tu. Hakuna shilingi iliyotengwa kwa filta, betri wala matairi, ambayo yanapasuka kwa jua hata yasipotembea.

Kamati imegawanyika. Wachache wetu wanataka liuzwe, zinunuliwe jozi za ng'ombe na plau za kukokotwa, fedha za mbegu zirudishwe kwa wajane kwanza. Walio wengi wanataka tushirikiane na parokia mbili za jirani, trekta lipate tela na mashine ya kupukuchua mahindi ili kiangazi liwe na kazi, dizeli inunuliwe kituoni kwa risiti, tangi lijazwe kila linapolala, na kila eka ilipiwe fedha ya matengenezo kabla dereva hajawasha. Hata hao wamekubali kwamba fedha za wajane zirudi kabla ya lolote.

Kwa mujibu wa mkataba hatuwezi kuuza bila ridhaa ya wafadhili, ndiyo maana tunawaomba mseme leo. Na tunawaomba, kwa upendo wote, msituletee trekta la pili.

Daftari la dereva na risiti tulizo nazo ziko mezani kwa katibu. Zile tusizo nazo tumeziorodhesha pia. Mjumbe yeyote anaweza kuzipitia kabla ya kura ya saa nane.