Tembe za Kutuliza Si Tembe za Kuzalisha

Kina mama mnaofungua marobota ya mitumba Soko la Toi, Nairobi, kabla jua halijachomoza, nayarudia niliyokwisha kuyasema, kwa kuwa madhara hayajakoma: mwanamke atafutaye mtoto miaka na miaka, ambaye kila hedhi humkunja nyuma ya meza yake ya nguo, huenda kemisti akanunua tembe za homoni bila kupimwa na tabibu, akazimeza kwa matumaini ya kushika mimba.

Maradhi ninayoyasemea, endometriosi, ni tishu mfano wa utando wa ndani ya mji wa mimba, iliyoota pasipo pake, juu ya ovari, kwenye mirija, hata matumboni. Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji mwenzetu aliyefariki Juni 2024, ilimfika hadi mapafuni, naye hakuona haya kuitaja hadharani. Tishu hiyo hustawi kwa estrojeni. Basi homoni za tiba, ziwe tembe au ile sindano ya miezi mitatu, huikosesha chakula hicho, nayo hunyauka na maumivu yakatulia. Ni rehema kubwa, nami siidharau. Lakini kunyauka si kung'oka: makovu yaliyogandanisha viungo hayayeyuki kwa homoni, na dawa ikiachwa, aghalabu maumivu hurejea.

Tena homoni hizo hizo hulizuia yai lisipevuke! Atakaye mimba mwaka huu, akazimeza ili aipate, ajifungia mlango mwenyewe. Na aliyechomwa sindano, kwa wastani hushika mimba miezi kama 10 tangu ile ya mwisho. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 kuhusu maradhi haya wakataza bayana kutoa homoni hizo kwa nia ya kuongeza uwezo wa kuzaa. Nimemwona muuza viatu mmoja ambaye mkobani alikuwa na pakiti tatu mbalimbali, mojawapo kapewa na jirani, zote akizichanganya, na mama mkwe akimhimiza kwamba akizaa atapona. Jamani, dawa haiazimwi kama sufuria, na mimba si tiba ya maradhi haya!

Nenda Hospitali ya Mbagathi, uombe barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Kenyatta ikihitajika, na neno lako la kwanza kwa daktari liwe, "Natafuta mtoto," kwa sababu dawa ya mwenye maumivu tu na dawa ya mwenye kutaka mimba si moja. Muulize habari za upasuaji wa tundu dogo, ambao huwasaidia baadhi ya wanawake kushika mimba. Na mumeo aje naye apimwe mbegu, siku hiyo hiyo.