Mwani Mgeni na Vidonge vya Wazee Wetu
(Mazungumzo yaliyosomwa siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Harufu ya pilau tunaisikia sote, basi hatutazunguka. Kamati imetutaka tuzungumze juu ya mwani na dawa. Wapo watakaosema, mwani na vidonge wapi na wapi? Subirini kidogo.

Mwani huu tunaoufunga kwa taitai si wa asili yetu. Kilimo cha biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Umetusomeshea watoto na umetuezekea nyumba, hilo hatulikani. Lakini mgeni ni mgeni. Wataalamu waliochunguza mwani unaoota wenyewe katika bahari yetu wameikuta spinosamu yenye asili ya Asia imeshatoka mashambani. Kule Hawaii, kotonii iliyopelekwa miaka ya 1970 ilipanda juu ya matumbawe, hata ikabidi itumike mashine ya kuufyonza kutoka chini ya maji. Ghuba ya Mannar, kusini mwa India, nako yamewafika.

Na tangu mwaka 2011 wenzetu wa Karibiani na Afrika Magharibi wanaletewa na bahari mwani wa kahawia unaoelea, sagasamu. Mwezi Juni 2018 setilaiti ziliona mkanda wake wa kilomita 8,850, zaidi ya tani milioni 20. Ukioza fukweni, unanuka kama mayai viza. Basi watu wakafikiri: tuutumieje? Mexico wamefyatulia matofali na kujengea nyumba. Wengine wanatengeneza mbolea. Ila sagasamu hubeba aseniki, ambayo ni sumu, ndiyo maana watafiti wanasita kusema watu waule au wapewe wanyama. Kitu kutoka baharini si lazima kiwe salama kwa sababu tu ni cha Mungu.

Sasa turudi kwetu. Sabuni yetu ya mwani inauzika, na unga wetu pia. Mwaka huu alitujia mnunuzi akataka mzigo mkubwa wa unga, kwa bei ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona, kwa sharti moja: kwenye pakiti tuandike kuwa ni dawa ya presha, sukari na viungo, hasa kwa wazee. Tulijadili siku mbili. Hatuna haja ya kuficha, kulikuwa na maneno makali, kwa sababu fedha ile ingejaza sanduku letu.

Tulikwenda kuuliza kwa watu wa dawa, na haya ndiyo tuliyoyapata. Mwani wetu mwekundu una chumvichumvi nyingi, na ndani yake potasiamu kwa wingi. Kijana mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo. Mzee figo zake zimechoka, na dawa nyingi za presha zinazoishia na "prili", kama enalaprili na kaptoprili, pamoja na spironolaktoni, huizuia potasiamu mwilini. Ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na mara nyingine moyo husimama bila ya mtu kuhisi dalili yoyote kabla. Mwani pia una vitamini K, na mtu anayetumia warfarini ili damu isigande akibadilisha ghafla anachokula, kipimo chake hupotea. Na ile mwani mikubwa ya kahawia ya nchi za baridi, inayouzwa kwa vidonge, ina madini joto mengi mno: mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na gramu moja ya mwani ule mkavu inaweza kupita 2,000. Tezi la shingo la mzee halistahamili hayo.

Hatusemi mwani ni sumu. Kachumbari ya mwani tutakula leo hii. Tunasema chakula ni chakula, na dawa ni kitu kilichopimwa, kikajulikana kiasi chake na nani asipewe. Unga wetu haujapimwa hivyo. Yule mnunuzi tulimwambia tutamuuzia unga, maandishi yale hapana. Akaondoka. Waliosikitika tunawaelewa, na hesabu ya mwaka itakaposomwa baada ya hapa, pengo hilo mtaliona.

Lipo jengine, la nyumbani zaidi. Bibi zetu wanakunywa vidonge vya presha asubuhi, vya magoti mchana, na jioni jirani kaleta mizizi kwenye chupa. Daktari anajua vya presha tu. Vile vya magoti, diklofenaki na ndugu zake, hupandisha presha na kuumiza figo, tena ndizo dawa zinazonunuliwa dukani bila ya cheti. Mzee hakosei akinyamaza, hajaulizwa. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, siku ya hisa, kila mwenye mzee nyumbani amletee mfuko wake wote: vidonge, chupa, mizizi, na unga wetu kama anautumia. Muuguzi wa kituo amekubali kukaa nasi saa moja kabla ya sanduku kufunguliwa. Asiyeweza kutembea, mleteni mfuko wake bila yeye, na msiache kitu uvunguni.

Maswali tuyachukue sasa, kabla pilau halijapoa.