Hati ya Ukaaji si Hati ya Ardhi

Mazungumzo kwa wageni waliopewa ukaaji wa kudumu nchini Kenya, na kwa wenyeji wao wa Kitengela na Kajiado



Kitengela zamani ilikuwa uwanda wa malisho ya Wamasai. Mwaka 1988 ranchi yao ya pamoja iligawanywa, kila mwanachama akapata fungu lake, na tangu hapo mashamba mengi yamekatwa vipande na kuuzwa. Leo mji umejaa watu wa kila kabila, pamoja na majirani kutoka nchi nyingine. Miongoni mwao wako waliopewa ukaaji wa kudumu, na hao ndio ninaotaka kusema nao.

Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, ukaaji huo waweza kupewa mtu aliyeoana na raia wa Kenya kwa miaka 3 au zaidi. Waweza pia kupewa aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka isiyopungua 7, naye amekaa nchini mfululizo katika miaka 3 ya mwisho. Hati hiyo ni heshima kubwa, kwa maana yampa mwenyewe ruhusa ya kuishi, kusoma na kufanya kazi. Lakini haimfanyi kuwa raia, na asiyeiangalia tofauti hiyo aweza kupoteza akiba ya maisha yake.

Jambo la kwanza ni kujiandikisha. Mgeni atakayekaa nchini zaidi ya siku 90 yampasa kupata kitambulisho cha mgeni. Maombi hupelekwa Idara ya Uhamiaji kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Pili, jipatie namba ya kodi, yaani PIN, kwa sababu itatakiwa mara kwa mara katika kazi, biashara na mambo ya ardhi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la siku hizi ni kulipa kodi pamoja na wenyeji. Tatu, jiandikishe katika bima ya afya ya jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa ile ya zamani. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Usingoje mpaka mtoto augue.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako hatari ni kubwa. Dalali atakuonyesha ploti nzuri na kukuambia kuwa hati yako ya ukaaji yatosha. Haitoshi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, yasema kwamba asiye raia aweza kushika ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkikubaliana zaidi ya hapo, sheria itahesabu miaka 99 na si zaidi. Na ikiwa shamba bado limeandikwa kuwa ardhi ya kilimo, Bodi ya Kudhibiti Ardhi haina budi kukataa idhini kwa asiye raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha maalumu. Bila idhini, mapatano hayo ni batili. Ni kweli kwamba waweza kudai fedha zako zirudishwe, lakini kudai si kupata.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukua namba ya ploti uende Kajiado, makao makuu ya kaunti, ukaombe kuchunguza daftari la ardhi. Hapo utajua mwenye ardhi ni nani, kama ameiweka rehani, na kama kuna zuio la mahakama. Kisha mchukue mpimaji mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote shambani, na wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, aandike mapatano. Uliza pia kama mke au mume wa muuzaji amekubali, kwa maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake.

Tafadhali usifiche ununuzi nyuma ya jina la rafiki. Aliyeandikwa daftarini ndiye mwenye mali, na urafiki hauandikwi humo.

Ninyi wenyeji nanyi mna wajibu. Mwambieni mgeni ukweli kuhusu maji, njia za ng'ombe, na njia za nyumbu na punda milia watokao Mbuga ya Nairobi. Na wewe mgeni, waulize wazee kabla hujajenga ua.

Mwisho, msikate tamaa. Aliyeoana na raia kwa miaka 7, au aliyekaa nchini kihalali mfululizo kwa miaka 7, aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia akitimiza masharti. Akikubaliwa, mlango wa kumiliki ardhi bila mpaka wa miaka utafunguka. Kwa sasa kodini nyumba, fanyeni kazi, wekeni akiba, na someni kila karatasi kabla ya kutia sahihi.